Hotuba juu ya Kupanda Miti na Majani Kando ya Mito na Malambo



Nimetakiwa nizungumze juu ya hifadhi ya kingo za mito na ardhi oevu. Visiwani mwetu mito ni michache na mifupi. Kwa hiyo nimechukua mfano wa ng'ambo, wilaya za Korogwe na Handeni mkoani Tanga, ambako jambo hili laonekana wazi zaidi.

Korogwe ina mto mkubwa, Handeni haina. Mto Pangani wapita Korogwe, na vijito vya milima ya Usambara humiminika humo. Handeni ni nchi kavu, yenye malambo yanayokauka mvua ikichelewa. Ndiyo maana katika miaka ya 1970 lilijengwa bomba kuu, maarufu kwa jina la HTM, la kuyatoa maji ya Pangani upande wa Korogwe na kuyasukuma hadi Handeni. Mkulima akilima hadi ukingoni, juu ya mahali pa kutolea maji, tope la shamba lake huingia katika mitambo ya kusafishia maji ya mtu ambaye hatamwona maishani. Tope hilo huongeza gharama ya dawa, huziba machujio na kuchakaza pampu. Maji hayo hayo huzungusha mitambo ya umeme ya Hale, iliyoanza mwaka 1964, na ya Pangani iliyozinduliwa mwaka 1995, kisha huingia baharini inayotuzunguka sisi.

Wengi hudhani kwamba mstari wa miti watosha. Hautoshi. Maji ya mvua hupita kati ya mashina juu ya udongo mtupu kama yapitavyo njiani. Kinachoyapunguza mbio ni majani yaliyosongamana: maji yakipungua mwendo, tope hutua, na mbolea ya chumvichumvi iliyochukuliwa shambani huliwa na mizizi kabla ya kufika mtoni. Kwa hiyo upande wa shamba yapandwe matete au majani ya guatemala. Ukingoni kabisa ipandwe miti yenye mizizi ya kushika udongo, kama mkuyu, pamoja na mianzi. Mikaratusi isiwekwe karibu na chemchemi wala kinamasi, ijapokuwa nguzo zake zina bei nzuri, kwani hunywa maji mengi mno.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, yakataza shughuli za kudumu, au zenye kudhuru hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Na tuipige hesabu hiyo kwa haki. Kijito cha urefu wa mita 100, pande zote mbili, kinachukua eka tatu kasoro kidogo. Kwa mwenye nusu eka ya mboga bondeni, hilo ndilo shamba lake lote, tena ndilo lenye rutuba. Afisa anayefika na kamba ya kupimia na karatasi ya amri, bila jambo jingine, ataondoka na miche itang'olewa usiku.

Kwa maoni yangu, ukanda huo uwe na mazao. Matete yakatwe kwa zamu, yalishwe ng'ombe wa zizini, mianzi iuzwe. Kukata majani bila kufukua udongo hakuvunji ukingo. Kwenye malambo ya Handeni shida kubwa ni kwato za mifugo. Huko miche haitapona mpaka lijengwe birika la kunyweshea chini ya tuta, nje ya uzio, ili ng'ombe wasiingie majini.

Miche ioteshwe mapema, iwe tayari mvua za masika zianzapo mwezi wa Machi. Matete hayahitaji kitalu. Vipande vyenye macho matatu huchomekwa ardhini mara udongo unapolowa.