Cheti na Kipato katika Kazi ya Mwalimu Binafsi wa Mazoezi: Mfumo wa Marekani na Mazingira ya Tanzania

1. Utangulizi

Mwalimu binafsi wa mazoezi ni mtu anayelipwa kumpima mteja mmoja au kikundi kidogo, kuwapangia mazoezi ya viungo yanayolingana na afya, umri na lengo lao, kuwasimamia wakati wa kuyafanya, na kuubadilisha mpango kadiri miili yao inavyozoea. Kazi hii hutofautiana na ya kocha wa timu, ambaye hulenga ushindi katika mashindano, na hutofautiana pia na ya mtaalamu wa fiziotherapia, ambaye ni mhudumu wa afya aliyesomea kutibu majeraha na ulemavu wa viungo.

Katika Afrika Mashariki, mahitaji ya walimu wa aina hii yanaambatana na hofu ya magonjwa yasiyoambukiza, hasa kisukari na shinikizo la juu la damu, ambalo wengi huliita presha. Mwezi Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais wa Tanzania, alizindua kampeni iliyotenga Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya mazoezi. Mwaka huohuo Jiji la Kigali lilianza kufunga baadhi ya barabara zake kwa siku maalumu ili wananchi watembee, wakimbie na kupimwa afya. Na huko Zanzibar vikundi vya mazoezi hukusanyika kila tarehe 1 Januari mbele ya viongozi wa nchi. Juhudi hizi huwatoa watu nyumbani, lakini huacha swali la nani atawaongoza siku zinazofuata, na kwa ujuzi gani.

Mada hii inajenga hoja kwamba cheti cha mwalimu wa mazoezi hakiongezi kipato kwa sababu ya kutundikwa ukutani, bali kwa sababu kinamwezesha kumpokea mteja ambaye asiye na ujuzi hapaswi kumgusa, yaani mtu mzima mwenye presha, kisukari au maumivu ya viungo, ambaye anahitaji usimamizi wa muda mrefu. Ili kuithibitisha hoja hiyo, mada inaanza na mfumo wa vyeti wa Marekani, inaendelea na maarifa yanayotahiniwa pamoja na mipaka ya kazi, na kisha inachambua hesabu ya mapato kabla ya kutoa mapendekezo.

2. Leseni, cheti na ithibati

Maneno haya matatu huchanganywa mara nyingi. Leseni ni ruhusa ya dola, ambayo mtu asipokuwa nayo huzuiwa kisheria kufanya kazi husika, kama ilivyo kwa daktari au rubani. Cheti ni ushahidi unaotolewa na taasisi kwamba mtu amefikia kiwango fulani cha ujuzi. Ithibati ni hatua ya juu zaidi: chombo cha tatu, kisichofundisha wala kutahini, hukagua taasisi inayotoa cheti na kuridhika kwamba mtihani wake ni wa haki na unapima kile unachodai kupima.

Serikali ya shirikisho ya Marekani haitoi leseni kwa walimu binafsi wa mazoezi, na kwa sababu hiyo nguvu ya udhibiti imebaki mikononi mwa waajiri, makampuni ya bima na soko lenyewe. American College of Sports Medicine, chama kilichoundwa mwaka 1954, kilianza kutoa vyeti katika miaka ya 1970. National Strength and Conditioning Association ikaundwa mwaka 1978, American Council on Exercise mwaka 1985, na National Academy of Sports Medicine mwaka 1987. Vyeti vya walimu binafsi vya taasisi hizi nne vina ithibati ya National Commission for Certifying Agencies, ambayo hudai, pamoja na mambo mengine, kwamba maswali ya mtihani yatokane na uchambuzi wa kazi yenyewe, yaani utafiti unaowauliza walimu walio kazini ni majukumu gani wanayatekeleza na ni makosa gani yanaweza kumdhuru mteja.

Masharti ya kuingia si makubwa. Kwa kawaida mtahiniwa hutakiwa kutimiza umri wa miaka 18, na kuwa na cheti hai cha ufufuaji wa moyo na mapafu pamoja na matumizi ya kifaa cha kushtua moyo. Baadhi ya taasisi hudai pia awe amemaliza shule ya sekondari. Mtihani wa American Council on Exercise una maswali 150 yanayojibiwa kwa saa 3, na ule wa National Academy of Sports Medicine una maswali 120 kwa saa 2. Jambo lililo zito zaidi ni kwamba cheti kina mwisho: taasisi hizo mbili hudai kihuishwe kila baada ya miaka 2, na nyingine mbili kila baada ya miaka 3, kwa ushahidi wa masomo ya kujiendeleza. Hivyo mwajiri anayeuliza cheti hapaswi kuridhika na jina la taasisi tu, bali aangalie pia tarehe, kwa maana cheti kilichokwisha muda huonesha kile ambacho mtu alikijua zamani.

3. Maarifa yanayotahiniwa

Msingi wa kwanza wa taaluma ni kanuni ya kuongeza mzigo hatua kwa hatua, ambayo husema kwamba msuli huimarika pale tu unapodaiwa kazi iliyozidi kidogo ile uliyoizoea. Kanuni hii iliwekewa utaratibu wa kitabibu na Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani aliyewahudumia askari majeruhi katika miaka ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ambaye alionesha kwamba uzito unaoongezwa kwa mpangilio hurejesha nguvu haraka kuliko mazoezi mepesi yanayorudiwa mara nyingi. Mwalimu asiyeijua kanuni hii huelekea upande mmoja kati ya miwili: ama humfanyisha mteja mazoezi yaleyale kwa mwaka mzima, ama humchosha siku ya kwanza kiasi kwamba harudi tena.

Msingi wa pili ni upimaji wa kasi ya zoezi. Kanuni inayofahamika sana hukadiria mapigo ya juu ya moyo kwa kutoa umri kutoka 220, ambapo mtu wa miaka 60 hupata mapigo 160 kwa dakika. Kanuni iliyopendekezwa na Tanaka na wenzake mwaka 2001 huzidisha umri kwa 0.7 na kutoa jibu kutoka 208, na kwa mtu huyohuyo hutoa mapigo 166. Zote mbili ni makadirio ya wastani wa watu wengi, na mtu mmoja anaweza kuwa juu au chini yake kwa mapigo 10 au zaidi. Aidha, baadhi ya dawa za presha hupunguza mwendo wa moyo, kwa hiyo mteja anayezimeza anaweza kuwa amechoka sana huku saa ya mkononi ikionesha kwamba bado hajafikia kiwango. Kwa mteja wa namna hii mwalimu aliyesoma hutumia kipimo cha uchovu cha Gunnar Borg, mwanasaikolojia wa Sweden, ambapo mteja mwenyewe hutaja ugumu anaousikia kwa namba kuanzia 6 hadi 20, au hutumia jaribio la mazungumzo: anayeweza kuongea lakini hawezi kuimba yuko katika kasi ya wastani.

Msingi wa tatu ni uchunguzi wa awali. Kabla ya zoezi lolote mteja huulizwa, kwa dodoso la maandishi, iwapo amewahi kuambiwa ana ugonjwa wa moyo, kama hupata maumivu ya kifua, kama hupoteza fahamu au kupata kizunguzungu, ni dawa gani anazotumia, na ni kiungo gani kinachomsumbua. Majibu hayo huamua mambo halisi katika ukumbi: mwenye presha hufundishwa kutobana pumzi anapoinua uzito, kwa kuwa kubana pumzi hupandisha presha ghafla, anayetumia insulini huhimizwa kupima sukari kabla ya kuanza na kuwa na kitu kitamu karibu, kwa kuwa mazoezi yanaweza kuishusha sukari mno, na mwenye kisukari cha miaka mingi hukaguliwa viatu, kwa sababu miguu iliyopoteza hisia huweza kupata kidonda bila mwenyewe kujua.

4. Mipaka ya kazi

Mipaka ya kazi ni orodha ya mambo ambayo mwalimu hayafanyi hata kama mteja anamsihi. Mwalimu hatambui ugonjwa, hamwambii mteja aache au apunguze dawa, hatibu jeraha, wala hamwandikii mgonjwa mlo wa matibabu. Kazi yake ni kutoa maelezo ya jumla kuhusu ulaji bora na kumwelekeza mteja kwa daktari, mtaalamu wa lishe au wa fiziotherapia inapobidi. Katika jimu nyingi mpaka unaovukwa kwa urahisi zaidi ni wa kuuza virutubisho na vidonge vya kupunguza uzito, ambavyo humletea mwalimu faida ya haraka lakini humweka katika hatari endapo bidhaa hiyo haijasajiliwa au ina viambata visivyotajwa.

Kwa Tanzania kuna mpaka mwingine wa kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 huzihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na kwa hiyo dodoso la mteja, vipimo vya presha na picha za kabla na baada ya mazoezi si mali ya kutangazia biashara mtandaoni bila ridhaa ya mhusika. Ridhaa hiyo inafaa iwe ya maandishi, na mteja aelezwe kwamba anaweza kuiondoa.

5. Hesabu ya kipato

Takwimu za Idara ya Kazi ya Marekani zilionesha kwamba Mei 2023 mshahara wa kati wa walimu wa mazoezi nchini humo ulikuwa dola 46,480 kwa mwaka, ambapo mshahara wa kati ni ule unaowagawa wafanyakazi nusu kwa nusu. Namba hiyo hailingani na maisha ya Dar es Salaam au Mwanza, lakini muundo wa mapato ni uleule, kwa sababu mwalimu kila mahali huuza saa zake, na saa zinazouzika ni chache: kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 2 asubuhi, na kuanzia saa 11 jioni hadi saa 3 usiku, wateja wakiwa hawajaenda kazini au wametoka. Katika mwezi wa Ramadhani hata saa hizo hubadilika, na wateja wengi wa mwambao huhamia muda wa karibu na kufuturu au baada ya futari.

Ufuatao ni mfano wa kukokotoa tu. Mwalimu anayetoza shilingi 20,000 kwa kipindi cha saa moja, na aliyepanga vipindi 80 kwa mwezi, hutarajia shilingi 1,600,000. Endapo vipindi 12 vitaahirishwa bila malipo, hubaki na vipindi 68 vyenye thamani ya shilingi 1,360,000. Ukumbi ukichukua asilimia 40, yaani shilingi 544,000, hubaki shilingi 816,000. Na nauli ya shilingi 5,000 kwa siku 24 za kazi ikitolewa, hubaki shilingi 696,000. Kila kipindi kikidai nusu saa ya ziada kwa ajili ya maandalizi na safari, mwalimu huyo atakuwa amefanya kazi saa 102, ambazo kila moja imemlipa takriban shilingi 6,800, yaani karibu theluthi moja ya bei aliyoitangaza.

Hesabu hii inaonesha njia tatu za kuinua kipato. Ya kwanza ni malipo ya awali kwa vipindi vya mwezi mzima, pamoja na kanuni kwamba anayeghairi chini ya saa 24 kabla hupoteza kipindi chake, jambo ambalo katika mfano huu lingefidia sehemu kubwa ya vipindi 12 vilivyopotea. Ya pili ni vikundi vidogo: watu 6 wanaolipa shilingi 7,000 kila mmoja huleta shilingi 42,000 kwa saa ileile, huku kila mteja akilipa karibu theluthi ya bei ya mtu mmoja.

Njia ya tatu, na iliyo na uzito zaidi, ni uchaguzi wa wateja. Kijana anayetaka kujenga misuli kabla ya harusi hulipa miezi miwili na kuondoka. Mtu wa miaka 55 aliyeambiwa na daktari kwamba lazima afanye mazoezi anahitaji kuyaendeleza, kwani Shirika la Afya Duniani hupendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu ya misuli kwa siku 2 au zaidi, na pendekezo hilo halina tarehe ya kumalizika. Zaidi ya hayo, mstaafu anaweza kufika saa 4 asubuhi, saa ambayo jimu iko tupu na mwalimu hana wa kumuuzia. Hata hivyo, hakuna daktari makini atakayemwelekeza mgonjwa wake kwa mtu asiyejua dawa za presha hufanya nini kwa mapigo ya moyo, na hapo ndipo cheti kinapogeuka kuwa kipato.

6. Njia inayowezekana Tanzania

Tanzania haianzi patupu. Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, mkoani Mwanza, huandaa wataalamu wa michezo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha elimu ya viungo na sayansi ya michezo. Na VETA, yaani Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambao umewawezesha mafundi na wapishi waliojifunzia kazini kupimwa na kupewa vyeti. Utaratibu huu wa mwisho unawafaa sana walimu waliopo, kwani wengi wao walijifunzia kwenye jimu za mtaani, wana mikono yenye uzoefu, na wanachokikosa ni nadharia ya uchunguzi wa awali na huduma ya kwanza.

Kwa mwalimu mmoja mmoja, mpangilio unaofaa ni kuanza na mafunzo ya huduma ya kwanza na ufufuaji wa moyo na mapafu, kisha cheti chenye ithibati, cha ndani au cha kimataifa, baada ya kuhakiki kwamba mtoaji wake anatambuliwa na chombo cha tatu. Baada ya hapo hufuata namba ya mlipakodi, usajili wa jina la biashara kwa BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, na leseni ya biashara, ambavyo humwezesha kuingia mikataba na ofisi, hoteli na shule.

7. Hitimisho na mapendekezo

Mada hii imeonesha kwamba pale ambapo dola haitoi leseni, cheti hupata thamani kutokana na ithibati, uhuishaji na madai ya waajiri, na kwamba kipato cha mwalimu huamuliwa zaidi na idadi ya saa zinazolipwa na muda ambao mteja hudumu kuliko bei ya kipindi. Kutokana na hayo, inapendekezwa kwamba VETA, Baraza la Michezo la Taifa na vyuo husika viandae kwa pamoja viwango vya ujuzi wa mwalimu wa mazoezi, vikitokana na uchambuzi wa kazi na kujumuisha presha na kisukari. Kwamba wamiliki wa jimu wadai cheti hai cha huduma ya kwanza kabla ya kuajiri. Kwamba hospitali na kliniki ziwe na fomu fupi ya kumwelekeza mgonjwa kwa mwalimu aliyehitimu, yenye sehemu ya mwalimu kurudisha taarifa kwa daktari. Na kwamba mafunzo yote ya walimu yajumuishe hesabu za biashara, ili anayehitimu ajue gharama ya saa yake kabla ya kuitangazia bei.