Mvua Si Yako, Jembe Ni Lako



Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi wetu, shukrani zote ni za Allah (S.W.T.) aliyetufikisha tena mwezi huu. Naomba leo tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi tunalo na hatulisemi: wasiwasi. Kijana usiku halali. Matokeo ya KCSE yatakuwaje? Karo itatoka wapi? Nikimaliza chuo, kazi iko? Moyo unaenda mbio, hata daku haimpiti kooni. Na akithubutu kusema, anaambiwa imani yake ni ndogo.

Sasa hebu tutazame mashamba yetu hapa Kibwezi. Mkulima anapanda ndengu na kunde akitegemea zaidi mvua za Oktoba hadi Disemba, na mvua hizo hazimpi mtu ahadi. Kutoka mwisho wa 2020 hadi 2022, misimu mitano mfululizo iliharibika katika sehemu nyingi kame za Kenya. Mkulima akisema, "Isiponyesha mimi nimekwisha," atakesha akihesabu mawingu. Akisema, "Sina langu, liwe liwalo," atalala, na mvua ikija itapita na udongo wake mpaka mtoni.

Lakini wako waliochimba matuta ya fanya juu. Unachimba mtaro, udongo unautupa upande wa juu wa mteremko, na maji yakija yanatulia shambani. Mvua hawakuimiliki. Jembe walikuwa nalo.

Ndugu yangu, wasiwasi mwingi unalelewa na itikadi mbili za uongo: kwamba kila kitu kiko mkononi mwako, au kwamba hakuna kilichomo kabisa. Sayyidna Umar (R.A.) alikuwa njiani kwenda Sham akasikia kuna tauni, akarudi. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Allah, alijibu kwamba anatoka katika kadari ya Allah kwenda katika kadari ya Allah. Basi tawakkul si kukaa bure.

Wanachuoni wetu walilijua hili. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na ya nafsi. Alishauri kwamba kama vile mtu anavyoweka dawa nyumbani, aweke pia fikra njema akiwa mtulivu, apate za kutumia hofu ikimjia. Zaidi ya miaka elfu baadaye, katika miaka ya 1960, daktari Aaron Beck wa Marekani alianzisha tiba ya kumfundisha mgonjwa kuzihoji fikra zake: hili ninaloliogopa, ushahidi wake uko wapi?

Kwa hivyo usiku huu baada ya tarawehe, chukua karatasi. Upande mmoja andika yasiyo yako: swali litakalotoka, mwajiri atakayekuita. Upande wa pili andika yako: kusoma baada ya alfajiri, kupeleka barua ya kazi, kumwambia mzazi ukweli kuhusu karo. Ya kwanza yapeleke kwenye sijda. Ya pili anza nayo kesho.

Na kama wiki zinapita, usingizi haupo na maisha yanakuchosha, mwambie mtu unayemwamini, nenda hospitali. Hiyo nayo ni jembe. Wazazi, mtoto akiwafungulia moyo, msimpime imani. Msikilizeni kwanza.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.