Madoa Meupe Kwenye Vitunguu: Mjue Adui Kwanza



Leo tuongee juu ya madoa meupe kwenye majani ya vitunguu. Wengi wetu tukiyaona tu, mbio dukani. "Nipe dawa ya madoa!" Hapo ndipo pesa inapopotea. Dawa ya wadudu haitibu ukungu, na dawa ya ukungu haiui wadudu. Basi, kabla ya kununua dawa, tumjue adui.

Adui wa kwanza ni wadudu wanaoitwa thripsi. Ni wadogo sana, urefu milimita 1 hadi 2, rangi ya manjano au kahawia. Hujificha shingoni mwa kitunguu, kwenye majani machanga. Hukwaruza jani na kufyonza utomvu wake. Mahali hapo hubaki doa jeupe linalong'aa kama fedha, lenye nukta nyeusi. Nukta hizo ni mavi yao. Ukitaka hakika, kung'uta majani juu ya karatasi nyeupe. Ukiona vitu vidogo vinatembea, ndio hao.

Adui wa pili ni baka zambarau. Huu ni ugonjwa wa ukungu. Huanza kwa doa dogo jeupe lililobonyea. Baadaye doa hukua, katikati hugeuka zambarau, na pembeni huweza kuwa na pete ya manjano.

Adui wa tatu ni ubwiri vinyoya, nao ni ukungu. Nenda shambani asubuhi, umande haujakauka. Utaona mabaka yaliyopauka, juu yake manyoya ya kijivu au zambarau. Ugonjwa huu hupenda baridi na unyevu.

Haya, tufanyeje?

Thripsi hupenda joto na ukavu. Kule Mang'ola, wilaya ya Karatu, vitunguu humwagiliwa kwa mifereji. Maji hupita chini, majani hayaoshwi. Mvua kubwa huangusha wadudu wengi. Mwenye mpira wa maji anaweza kuwaosha kutoka juu, lakini afanye asubuhi ili majani yakauke upesi. Kama shamba lina ukungu, asifanye hivyo kabisa, maana unyevu wa majani huueneza.

Palilia vizuri. Usipande vitunguu vipya kando ya vya zamani, kwani wadudu watahamia kwako. Ukipiga dawa, elekeza bomba shingoni mwa kitunguu. Mayai yamo ndani ya jani, na wengine hujificha udongoni, kwa hiyo kupiga mara moja hakutoshi. Tena msitumie dawa ya aina moja msimu mzima, wadudu wataizoea. Kubadilisha jina la chupa tu hakusaidii. Dawa yenyewe iliyomo ndani iwe nyingine.

Kwa ukungu, usibananishe miche. Ondoa mabaki ya mavuno shambani. Misimu miwili au mitatu panda zao lingine, kama mahindi. Dawa ya ukungu ipigwe mapema, jani likiisha kufa halifufuki.

Angalieni sana wakati kitunguu kinapoanza kujaza kichwa. Majani ndiyo jiko lake. Jiko likiharibika, kichwa hubaki kidogo, na sokoni mnunuzi hutazama ukubwa. Kazi ya miezi mingi itauzwa kwa bei ya kutupa.

Jambo la mwisho. Ninyi mmejifunza kusoma, basi someni karatasi ya chupa ya dawa. Imeandikwa inaua nini, kipimo chake, jinsi ya kujikinga, na siku za kungoja kabla ya kuvuna. Asiyeelewa amwulize bwana shamba au bibi shamba, na ang'oe mche mmoja wenye madoa aende nao. Mche huo utasema mengi kuliko maneno.