Kibaba Chako Chajaza Ghala la Nani?

(Mazungumzo mbele ya wanachama, Sumbawanga)



Iko methali moja ambayo kila mtu hapa aliijua kabla ya kujua kuhesabu: haba na haba hujaza kibaba. Twaisema sana. Lakini leo nataka tuulizane, kibaba hicho kikijaa, huwa cha nani?

Mavuno yakifika, mwezi wa Juni na Julai, mnunuzi huja mpaka mlangoni na gunia lake. Hulijaza, hulishindilia, kisha hulishonea kilemba juu. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya vipimo yaikataza, nasi twajua, lakini twasema, "Ah, ni kidogo tu cha ziada." Ndugu zangu, bwana yule ndiye aliyeishika methali yetu! Haba yako na haba ya jirani yako zimejaza lori lake.

Methali nyingine hupendwa sana kilabuni: ponda mali, kufa kwaja. Nawajua watu walioiponda mwezi wa Julai. Ilipofika Februari kufa hakukuja, ilikuja njaa, nao wakaenda kununua mahindi kwa bei kubwa, pengine yale yale waliyoyauza. Sisemi pombe ya ulezi ni haramu. Hata mimi naijua ladha yake. Nasema ulezi wa uji upimwe kwanza, wa pombe baadaye.

Wengine watauliza, kibaba kimoja ni kitu gani? Haya, tuhesabu. Vibaba 4 ni pishi 1, na pishi ni karibu ratili 6. Nyumba inayopoteza kibaba kimoja kila siku, kwa panya, kwa kipimo kibaya, kwa karamu isiyo na sababu, kwa mwaka imepoteza pishi 91. Hayo ni karibu magunia mawili na nusu ya kilo 100. Sare ya mtoto na madaftari yake yamo humo.

Wazee wetu hawakungoja kuhubiriwa. Mfipa wa zamani hata nyasi hakuzitupa: alizifunika kwa udongo katika matuta ya duara, zikaoza, na msimu uliofuata zikawa mbolea. Mtu aliyeweka akiba ya nyasi, mjukuu wake ashindwe na mahindi?

Nashauri kila nyumba ihesabu kwanza chakula cha kufikia mavuno mengine, pamoja na mbegu, ndipo imfungulie mnunuzi mlango. Na tuuze pamoja, kwenye mizani, si kwa macho. Anayeuza peke yake hupangiwa bei.

Akina mama mnacheka, na sababu naijua. Mnasema ghala likishahesabiwa, baba hulifungua usiku. Basi hilo tulizungumze hapa hapa, na wenyewe wapo. Mimi nimemaliza. Mama pale nyuma ameinua mkono, na asikilizwe.