Saa 72: maneno yetu juu ya wamama wenye kufungwa Kasapa



Wengi kati yetu tulipita kwenye barabara ya Kasapa miaka yote ya iniversite. Gereza iko pale, upande wa kampasi. Tuliiangalia kwa dirisha ya taksibisi, tukaendelea kufikiri mitihani yetu. Leo tuko na diplome na hatuna kazi, basi nafasi ya kufikiri mambo mengine iko. Tuzungumze juu ya ile tulikuwa tunapita pembeni yake.

Tarehe 25 septemba 2020, wafungwa wa Kasapa waliasi. Wanaume waliingia upande wa wanawake, moto ukawaka, wamama wakabaki mu kiwanja bila mlango, bila mlinzi. Makumi yao wakabakwa, usiku kisha usiku. Kati yao kulikuwa msichana wa miaka 16. Mambo yalidumu siku tatu.

Siku tatu ni saa 72. Shikeni ile hesabu. Dawa yenye inaweza kuzuia virusi vya sida kisha mtu kubakwa, ile waganga wanaita PEP, inapaswa kuanza mbele ya saa 72 kuisha, na kila saa yenye inapita inapunguza nguvu yake. Unaikunywa siku 28. Kidonge cha kuzuia mimba kiko na siku tano, lakini nacho mapema njo muzuri. Sasa mama mwenye alibakwa usiku wa kwanza, wakati fujo iliisha, saa zake zilikuwa zimebaki ngapi? Mtu wa inje anaweza kuchelewa hopitali juu ya haya, ao juu ya kukosa pesa ya transpoti. Yeye alichelewa juu serkali ilimufungia pale, kisha ikamuacha na wenye kumutesa.

Tungesema ilikuwa bahati mbaya ya Lubumbashi, kama haingerudilia. Makala, Kinshasa, septemba 2024: watu 129 walikufa kwa hesabu ya serkali yenyewe, na Umoja wa Mataifa ukahesabu wanawake 268 wenye walitendewa ubaya ule, kati ya 348 wenye walikuwa mule. Munzenze, Goma, 27 januari 2025, wakati M23 inaingia mu muji: zaidi ya wanawake 160 walibakwa, na wengi wao wakafa mu moto. Wale hawakuwa tena na saa ya kuhesabu.

Wakati wa Makala tulisoma kwenye simu vijana kama sisi wakiandika: «Nani aliwaambia waibe?» Na alama za kucheka pembeni. Tunawajibu hapa, uso kwa uso. Kwanza, mu magereza yetu wengi hawajahukumiwa bado. Uko na deni, umegombana na jirani, parke inakuweka mule, dosie inalala. Pili, hata mwenye aliua, hakuna muamuzi mwenye aliandika ubakaji mu hukumu yake.

Na tusingojee fujo njo tuseme. Kuna ubaya wenye unapita kimya, siku ya kawaida. Gereza yenye ilijengwa kwa watu mia nane inajaa maelfu, walinzi ni wachache, basi wafungwa wenye nguvu, makapita, njo wanaongoza ndani. Kapita anajua nani hana familia ya kumuletea fufu. Anajua nani hana sabuni, nani analala chini karibu na choo. Mtu mwenye njaa anaombwa kulipa na mwili wake. Vijana wanaume pia, ndiyo, na hao wanasema hata kidogo kuliko wanawake, juu hapa kwetu hata neno la kusema ile jambo tunalikosa. Kisha mukubwa anakataa kondomu ziingie, anasema ndani hakuna mambo ya vile. Mukubwa, wewe unalala wapi?

Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa ziko wazi: upande wa wanawake uongozwe na mwanamke, funguo akae nazo yeye, mlinzi mwanaume asiingie peke yake. Mufungwa atunzwe sawa na mtu wa inje. Na sheria yetu ya 20 julai 2006 inaongeza azabu wakati mlinzi anabaka mwenye analinda.

Tunaomba PEP iwe ndani ya gereza, mu kabati ya dispansere, na muganga mwenye haombi ruhusa kwa kapita mbele ya kuona mgonjwa. Wamama watolewe mu kiwanja kimoja na wanaume. Ukuta peke yake Kasapa haukusaidia, mlango wao uwe na njia yake. Wenye dosie zao zimelala waachiliwe, juu msongamano njo unamupa kapita nguvu.

Siku ya posho tunaenda mbele ya gereza, saa tatu asubuyi. Tuko na barua ya kumupa mukubwa wa gereza, yenye maulizo matatu: funguo za wamama ziko kwa nani, PEP ngapi ziko leo mu kabati, na wamama wangapi hawajaona muamuzi. Mwenye kuweza alete sabuni na vitambaa vya hedhi. Kapu iko hapa mulangoni. Usiandike jina la mtu yeyote wa ndani, hata kama unamujua, na usipige foto za familia zenye kuleta chakula.