Mwalimu wa Hesabu Asiachwe Peke Yake

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Endebess



Chama hiki kimezoea kuzungumza juu ya vyumba vya madarasa, madawati na mabati. Hayo ni mema, wala hatuyapuuzi. Lakini leo twapenda kumtazama mtu asimamaye mbele ya madawati hayo, yaani mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi.

Sisi ni watu wa mahindi. Kila mtoto wa hapa aijua gorogoro, na ajua ya kwamba gunia ni kilo 90. Tuseme mwalimu auliza: ikiwa gorogoro moja ni kilo 2, nusu gunia ni gorogoro ngapi? Mtoto mmoja aandika 22, baki 1. Mwingine aandika 22 na nusu. Mwalimu mwenye kitabu cha majibu tu atampa mmoja alama na kumnyima mwenziwe. Mwalimu aliyejifunza zaidi atamwuliza yule wa kwanza, "Hiyo moja iliyobaki ni moja ya nini?" Mtoto akifikiri atatambua kuwa ni kilo moja, nayo ni nusu ya gorogoro. Hapo darasa zima litafahamu maana ya baki. Swali fupi kama hilo mwalimu hulipata kwa kufundishwa na kwa kushauriana na wenzake.

Jambo hili Serikali imelitambua tangu zamani. Mwaka 1998 Kenya na Japani zilianza mpango wa SMASSE wa kuwafunza walimu wa hesabu na sayansi walio kazini, kwanza wa shule za sekondari katika wilaya 9. Mwaka 2003 ukaenezwa nchini kote, na mwaka 2009 ukafika kwa walimu wa shule za msingi. Walifundishwa kupanga somo, kulifundisha, kulitazama, kisha kulirekebisha. Na vifaa vilivyokosekana wavitengeneze kwa vitu vilivyo karibu. Kabla ya hapo, mwaka 2001, ulikuwa umeanzishwa mpango mwingine wa walimu wa msingi kujifunza wakiwa shuleni mwao, katika hesabu, Kiingereza na sayansi.

Kwa maoni yetu, semina ya siku chache ni kama mvua ya kwanza: hulainisha udongo, lakini haikomazi mahindi. Mwalimu akirudi darasani peke yake, ni rahisi kushikwa tena na desturi ya zamani. Yafaa awe na mwenziwe wa kumtazama akifundisha na kumwambia kweli kwa upole.

Tena gharama isimwangukie yeye tu. Mwaka 2021, Tume ya Kuwaajiri Walimu ilipozindua mafunzo ya lazima ya kuwaendeleza walimu, kila mmoja alitakiwa kulipa shilingi 6,000 kwa mwaka, na manung'uniko yakawa mengi. Hatuingii katika mabishano hayo. Twasema tu kwamba wanaofaidika ni watoto wetu. Basi nasi tuna fungu letu la kubeba.

Kwa hiyo twaleta maombi matatu. Kwanza, mara moja kila muhula walimu wa hesabu wa shule jirani wakutane katika shule mojawapo. Mmoja afundishe, wengine watazame, kisha wajadiliane. Pili, chama kitoe nauli ya walimu wa shule za mbali, upande wa mlima, pamoja na chakula cha mchana. Tatu, sisi wazazi tusiende huko kuhesabu makosa yao, kwa maana aogopaye kuaibishwa hufunga mlango.

Mtoto asiyejua kupima atapunjwa sokoni kwa mkebe uliobonyezwa, wala hatatambua. Wazee walisema, haba na haba hujaza kibaba. Twaomba mkutano huu ukubali kibaba hiki kianze kujazwa mwaka huu.