Watoto Ambao Hatukuja Nao: Malezi na Elimu ya Awali kwa Wenye Mahitaji Maalumu

(Mada iliyotolewa kwa wazazi, walezi na waalimu wa madrasa wa Kasulu na Kibondo)



Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, wenyeji wa hapa Kasulu nanyi mliopanda magari alfajiri kutoka Kibondo, nimetakiwa kuzungumzia elimu ya watoto wadogo. Nimechagua kuzungumzia wale ambao hatukuja nao leo, waliobaki ndani kwa sababu hawaoni vizuri, hawasikii, hawatembei au hawasemi kama wenzao.

Nianze na kosa langu. Miaka mingi iliyopita nilikuwa nikisomesha watoto katika madrasa moja ya nyanda hizi. Alikuwapo mtoto wa miaka sita hivi. Tulipokuwa tukiitikia sura fupi, mdomo wake ulikuwa ukichelewa nyuma ya wenzake. Nikimwita hageuki. Nilimhesabu mkaidi, na bakora aliipata kuliko wote. Akaacha kuja. Siku moja mama yake akanijia, akaniuliza kwa Kiha na kwa adabu, mwanawe amekosa nini. Kisha akataja, kama jambo dogo tu, kwamba masikio ya mtoto yalikuwa yakitoka usaha tangu alipoota meno. Kumbe alikuwa akitazama midomo ya wenzake na kuifuatisha! Alikuwa akijitahidi kuliko darasa zima, nami nikimwadhibu kwa jitihada hiyo. Mama nilimwomba radhi. Mtoto mwenyewe sikujua nimwombe vipi.

Ndugu zangu, usaha wa sikio hausababishwi na meno. Ni maradhi, na yakiachwa miaka huharibu usikivu. Yakiwahiwa hospitalini, mara nyingi mtoto hupona. Aidha homa ya uti wa mgongo na malaria kali inayopanda kichwani huweza kumwacha mtoto akiwa hai lakini kiziwi, na mzazi asitambue mpaka mtoto afikishe miaka mitatu bila kusema. Simameni nyuma yake mumwite kwa sauti ya chini, bila kupiga mguu ardhini, kwani mtikisiko huo ataugundua. Asipogeuka mara kadhaa, mpelekeni akapimwe.

Nasisitiza umri kwa sababu lugha humwingia mwanadamu katika miaka yake ya mwanzo kabisa. Mtoto kiziwi anayefichwa mpaka miaka minane au tisa hukosa zaidi ya sauti. Hukosa lugha yoyote ile, hata ya alama, na bila lugha huwezi kumfundisha hesabu wala kumweleza sala ni nini. Kuikomboa miaka hiyo baadaye ni kazi ngumu mno. Hata hivyo tusichanganye mambo. Mtoto anayekaa kimya darasani kwa sababu nyumbani kwao husemwa Kiha peke yake, na Kiswahili kinamfikia kwa mara ya kwanza shuleni, huyo hana ulemavu. Mpeni miezi.

Wapo pia wenye mtindio wa ubongo, ambao shingo na viungo haviwatii, na mate huwatoka. Huko vijijini mara nyingi husemwa wamerogwa. Baadhi yao walichelewa kupata hewa wakati wa kuzaliwa, basi. Wengi wanaelewa kila neno linalosemwa juu yao mbele yao.

Sasa nifike Kabanga, maana ipo hapa hapa Kasulu na mnaifahamu. Mauaji ya watu wenye ualbino yaliposhamiri Kanda ya Ziwa na mikoa ya jirani kuanzia mwaka 2007 na 2008, watoto wengi walipelekwa Kabanga, katika shule ambayo tayari ilikuwa ikipokea wanafunzi wenye ulemavu mbalimbali. Hifadhi ile iliokoa roho. Lakini mtoto mdogo aliyetenganishwa na wazazi wake miaka na miaka hupungukiwa na jambo ambalo bweni haliwezi kumpa, na siku ya kurudi kijijini hukuta watu wasiojua kumpokea. Kumpokea huko ni wajibu wetu, tena huanzia kwenye jamvi la madrasa. Mtoto mwenye ualbino kwa kawaida ana uoni hafifu. Mketisheni mbele, mgongo wake ukielekea dirishani, na mwandikieni herufi kubwa nyeusi. Akiusogeza msahafu mpaka karibu na pua, mwacheni; ndivyo anavyosoma. Kanzu na hijabu humkinga na jua, ila kofia zetu hizi hazina ukingo wa kufunika uso wala masikio, basi atafutiwe kofia pana anapotoka nje.

Mnakikumbuka kisa cha Abdullah bin Umm Maktum, ambacho kwacho iliteremshwa Sura ya 80. Alikuwa kipofu, akaja kutaka kufundishwa wakati Mtume alipokuwa ameshughulika na wakubwa wa Makuraishi, na Mwenyezi Mungu akalisema jambo hilo waziwazi. Kipofu yule baadaye akawa muadhini pamoja na Bilal, na akaachiwa usimamizi wa Madina zaidi ya mara moja. Sisi ni vipofu wangapi tumewapa hata mlango wa kuadhini?

Kwa upande wa dola, Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ilifanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyu haki ya kusoma pamoja na wengine. Mwalimu mkuu akisema hana nafasi, rudini kwa afisa elimu. Kweli, waalimu wa elimu maalumu wanaotoka Chuo cha Patandi, Arusha, hawatoshi. Na tuseme kweli nyingine, japo haitupendezi: shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilianzishwa na Waanglikana mwaka 1950, na ya viziwi Tabora na Wakatoliki mwaka 1963. Wenzetu walitangulia, na watoto wetu Waislamu wamesoma humo. Sisi tumejenga minara.

Kabla hatujatawanyika, katibu wa kila msikiti achukue daftari moja pale mlangoni. Kurasa za mwanzo ni za watoto wa miaka mitatu hadi minane ambao hawajaonekana madrasa wala shuleni. Akina mama waende wao kwanza, kwa sababu wao hufunguliwa milango. Jina la mtoto lisisomwe kwenye kipaza sauti. Tutakutana tena baada ya miezi mitatu, in shaa Allah, hapa hapa Kasulu, na watakaokuja na watoto hao mgongoni watatengewa safu ya mbele.

Wabillahi tawfiq.